Kilio Chenye Leseni

Kwanza ulisikika uzi mzito, peke yake, kama mtu anayebisha hodi bila hakika kwamba wenyeji wapo. Nyuzi nyembamba zikaitikia. Njuga zikafuata taratibu, mguu wa mpigaji ukikubaliana na vidole vyake. Uzi mmoja ulikuwa na kikwaruzo, kama koo la mtu aliyeamka na mafua, lakini mpigaji hakuukwepa. Kila mzunguko aliurudia na kuupa zamu yake. Mwisho kabisa, nyuzi zilipokuwa zikififia, ikapanda sauti ya mwanamke. Ilikuwa nyembamba na ndefu, haina neno ndani yake. Ilifika juu, ikavunjika, ikanyamaza.

Wakhungu akafumbua macho.

Ndivyo alivyopima kila sauti aliyotaka kuitia kwenye gemu yake: macho yamefungwa, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani. Chumba chake cha Matisi, pale Kitale, hakikuwa na cha kutazamwa hata hivyo. Kulikuwa na kitanda, meza, kompyuta yenye ufa kwenye kona ya kioo, na Kiplangat, rafiki yake mchoraji, aliyekuwa amekaa kitandani na viatu vyake vyenye tope.

"Hapo," Wakhungu akasema. "Hapo mwisho ndipo kijana anaingia kwao."

"Na hiyo sauti ya mama?"

"Ni shangwe, bana. Wanampokea. Wewe ni mtu wa mlimani, utajua nini?"

"Kwetu mlimani pia tunatahiri, boss. Tena hatupigi kelele kama nyinyi." Kiplangat akacheka, akarudi kwenye karatasi yake.

Gemu yenyewe waliiita *Kengele*. Haikuhitaji kupakuliwa, mtu alifungua tovuti tu, akacheza hapo hapo kwenye kivinjari, awe na kompyuta au simu mbovu. Ndani yake kijana wa Kibukusu anayesubiri kutahiriwa anatoka kwao Bungoma akigonga chinyimba, zile kengele za chuma ambazo watahiriwa huzigonga kwenye bangili za mikononi. Anakwenda Ndalu kwa mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba anamchinjia, anamvisha nyama shingoni kama desturi inavyotaka, na kijana anageuka mbio kurudi nyumbani akikwepa tope, mbwa na malori ya mahindi. Akichelewa, aibu. Akifika, nyimbo.

Nyimbo ndizo zilizomsumbua Wakhungu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu alikuwa mtu wa leseni. Rafiki yao mmoja wa Kipsongo, aliyeitwa Ian, aliwahi kutengeneza gemu nzuri ya mikokoteni, akaitia wimbo uliokuwa ukivuma redioni. Watu waliipenda kwa muda mfupi. Kisha ikafutwa kila mahali kwa sababu ya ule wimbo usio wake, na jina la Ian likafutwa nayo. Tangu siku hiyo Wakhungu aliapa kwamba hakuna mtu atakayesema yeye ni mwizi wa sauti.

Kwa hiyo alipoipata ile sauti ya litungu, kinubi cha Kibukusu cha nyuzi saba, kwenye maktaba ya muziki mtandaoni, moja ya zile maktaba ambamo wapigaji wa dunia nzima huweka miziki yao iuzwe, hakubofya tu. Alisoma. Leseni ya kwanza ilikuwa ya video, haikuruhusu gemu. Ya pili iliruhusu gemu, lakini kwenye tovuti moja tu, tena bila kuurudia muziki mfululizo, na gemu isiyorudia muziki ni gemu gani? Ya tatu ndiyo iliyomfaa: gemu, tovuti yoyote, muziki ujizungushe mpaka mchezaji achoke. Ilikuwa ghali. Aliuza baiskeli yake akainunua, na jioni ile alitembea kwa miguu kutoka mjini akiwa ameinua kichwa. Kijana mwenye kiburi cha haki ni mgumu kuliko mwenye kiburi cha mali. Wa mali anaweza kufilisika. Wa haki atakuonyesha cheti.

Na cheti kilizaa. Tovuti moja kubwa ya gemu, ng'ambo huko, iliiona *Kengele* na kuipenda. Walitaka kuifungulia ukurasa wa mbele mwezi wa nane, msimu wenyewe wa tohara. Waliuliza leseni ya kila sauti. Wakhungu akawatumia, nao wakasema ni sawa. Waliomba kitu kimoja tu: muziki wa pili, wa ala ileile, kwa hatua ya mwisho.

Maktaba haikuwa na litungu jingine. Lilikuwa lile moja, chini ya jina ambalo Wakhungu alilifasiri kichwani kuwa *Furaha ya Kijiji cha Afrika*.

Mama yake, Edinah, ndiye aliyemwelekeza. "Litungu halitafutwi kwa kompyuta," alimwambia. "Nenda Bungoma. Nyuma ya soko kuna nyumba ya marehemu Barasa. Alikuwa mpigaji huyo! Uliza binti yake, Nabwile. Anajua nani bado anapiga. Na usiende na hizo suruali zako za kuraruka."

*

Nabwile alikuwa akishona sare za shule kwenye varanda, kitambaa cha kijani kimemwagika mpaka sakafuni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Barabarani kundi la watahiriwa lilikuwa linapita, chinyimba zikilia, watu wakiwakimbilia kwa nyimbo. Alimngojesha Wakhungu, aliyesimama mbele yake, mpaka kelele zilipopungua.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Edinah, wa Matisi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe watu wa Kitale mnajua kusalimia. Mimi nilidhani mkishiba mahindi mnasahau." Akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa. Edinah hajambo? Bado anaimba kwaya akitangulia wenzake?"

"Bado, mama. Mpaka padri amezoea."

Akacheka. Wakhungu akamweleza kuhusu gemu, na kadiri alivyoeleza, ndivyo cherehani ilivyozidi kunyamaza.

"Kwa hivyo kijana anaenda kwa mjomba."

"Ndalu, mama."

"Na mjomba anamvisha nyama shingoni? Hiyo mmeweka?"

"Tumeweka."

"Na nzi mmeweka? Ile nyama ina nzi, mwanangu. Kaka yangu alirudi hapa kama amevaa wingu."

"Nzi tumesahau," Wakhungu akakiri, na wote wawili wakacheka. Moyo wake ukafunguka. Alijiona amefika penyewe. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona litungu limetundikwa ukutani, ngozi yake imekauka, nyuzi zake zimelegezwa zote saba. Sita zilikuwa za aina moja. Wa tano ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, uliosokotwa upya kwa mkono.

"Ni la baba?"

"Ni la baba. Wa kanisa walimwambia aliache, akaliacha. Alilishusha mara moja tu baada ya hapo." Hakusema ni lini. "Haya, nisikilizishe hiyo yenu. Nikijua ni mkono wa aina gani, nitajua nikupeleke kwa nani."

Wakhungu akaweka simu juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na rula, akaongeza sauti.

Uzi mzito ukabisha hodi.

Mkono wa Nabwile, uliokuwa ukinyoosha kola ya shati, ukasimama. Nyuzi nyembamba zikaitikia. Njuga zikaingia. Ulipofika ule uzi wenye kikwaruzo, aligeuza shingo polepole akatazama ukutani, kana kwamba mtu ameingia chumbani na kugusa kitu. Wakhungu alidhani anapendezwa. Alimwona ameufunga mdomo, akadhani anahesabu mapigo.

Sauti ya mwanamke ikapanda mwishoni, ikavunjika, ikanyamaza.

"Hapo," Wakhungu akasema kwa fahari, "ndipo anaingia kwao, na wamama wanashangilia."

"Wanashangilia," Nabwile akarudia.

Akavua miwani. Akaiweka juu ya kitambaa cha kijani kwa uangalifu mwingi.

"Huyo ni mimi," akasema.

Wakhungu hakuelewa.

"Hapo nalia, mwanangu. Mama yangu, Nasimiyu, amelala kwenye jeneza hapo uani, pale unapoona ule mgomba. Baba amelishusha litungu lake siku hiyo moja, kanisa likatae lisikatae, anampigia mke wake. Hakuimba. Alipiga tu. Alipomaliza, mimi ndiyo nikalia hivyo." Akanyoosha kidole kuelekea simu lakini hakuigusa. "Mwaka uliofuata tulimzika yeye. Hakuna aliyempigia. Nani angempigia?"

Barabarani kundi jingine lilikuja na kengele zake. Wakhungu alitamani lipite upesi, lilichelewa sana.

"Kulikuwa na mgeni," Nabwile akaendelea. "Alikuwa na kitu kidogo cheusi mkononi, chenye manyoya. Tulidhani ni wa redio, au ni rafiki wa wale wa parokia. Nani anauliza mgeni kwa matanga? Tulimpa chai. Tulimpa kiti cha mbele, kwa sababu alikuja kutoka mbali."

"Mama, mimi sikujua. Mimi niliinunua. Niko na leseni." Akaitoa kwenye mkoba, imechapishwa vizuri, ndani ya plastiki. Aliiweka mbele yake kama mtu anayeweka ngao.

"Soma."

"Yote?"

"Mahali panaponihusu."

Hakuhitaji kutafuta. Alikuwa ameisoma mpaka imekaa kichwani. Sauti yake ilitoka ndogo. "Inasema, aliyeuza ameapa kwamba kila mtu anayesikika ndani ya muziki huu amekubali utumike."

"Mimi nasikika?"

"Unasikika, mama."

"Kuna mtu aliniuliza?"

Wakhungu akainamisha kichwa.

"Kwetu mnajua," Nabwile akasema, na sasa ukali ulikuwa umeingia, si wa kelele, ni wa baridi. "Mkishanyoa nywele baada ya mazishi, kilio kimefungwa. Hata ukiumia, unaumia kimya, usije ukaita kifo kirudi kuuliza kimesahau nani. Mimi nilinyolewa hapo nje. Nikafunga kilio changu. Kumbe kuna mahali nimekuwa nalia tu, mchana na usiku, nikiitwa furaha. Na wewe sasa umekichukua kilio cha mama yangu ukamvisha mtoto wa tohara, mtoto anayeingia kwao akiwa mzima. Umemfanyia nini huyo mtoto?"

Ni mchoro tu, mama. Maneno hayo yalimfika Wakhungu ulimini, akayameza, na akashukuru baadaye maisha yake yote kwamba aliyameza.

  Nabwile akaisogeza simu yake, ya vitufe vikubwa, juu ya meza.

"Nitilie humo."

"Nini, mama?"

"Hiyo. Sina sauti ya baba. Hakuna mtu aliyemrekodi kwa hii nyumba. Nitilie, nitaisikiliza nikitaka, na nisipotaka nitajua iko wapi."

Wakhungu akainua simu yake, kidole kikakaribia. Kisha kikasimama, kwa sababu kichwa chake kilikuwa tayari kimesoma mstari unaofuata.

"Mama, siwezi."

"Simu yangu ni ya zamani sana?"

"Hapana. Leseni. Inaniruhusu kuiweka ndani ya gemu, isikike na mtu yeyote duniani. Lakini hainiruhusu kumpa mtu ule muziki wenyewe mkononi. Hata mmoja."

 Nabwile alipocheka, hakukuwa na kicheko ndani yake.

"Kwa hivyo mtoto wa Ulaya, akiwa amekaa na uji wake, atamsikia baba yangu akimuaga mama yangu. Na mimi, binti yao, sina kibali." Akavaa miwani yake. "Haya, mwanangu. Umechagua leseni nzuri. Msalimie Edinah."

Cherehani ikaanza tena.

*

"Ati nini?" Kiplangat aliuliza kule Matisi siku iliyofuata, na alipoelezwa mara ya pili alitupa penseli ukutani. "Wakhungu, sikiza. Sisi si wezi. Mwizi ni yule mgeni wa kinasa sauti chenye manyoya. Sisi tulilipa, tuna cheti, wenye tovuti wamekubali cheti. Sheria iko upande wetu!"

"Iko upande wetu, ndiyo."

"Basi?"

"Basi sijui kwa nini sijisikii niko upande wangu."

"Usinipigie mashairi, bana! Nimechora kila jani la mahindi kwa hiyo gemu. Nimechora tope! Ukurasa wa mbele, Wakhungu. Unajua watu wangapi hufa bila kuonekana huko?" Akatembea hatua zote ambazo chumba kiliruhusu, akageuka. "Kata tu ile sauti ya mwisho. Acha nyuzi. Nyuzi hazina jina."

Wakhungu alikuwa tayari amejaribu. Alikata kile kilio, akazungusha nyuzi zikarudi mwanzo bila mshono. Ilikuwa kazi safi. Lakini kila mzunguko ulipofika mwisho, aliisikia sauti mahali ambapo haikuwepo tena, na akaona kwamba kutoka uzi wa kwanza muziki wote ulikuwa ukipanda kuelekea pale, kama njia inayokwenda kaburini. Na ule uzi wenye kikwaruzo, alioupenda kwa sababu ulimpa raha ya kitu halisi, sasa aliujua. Ulikuwa waya wa breki, uliosokotwa na mzee ambaye huenda hakuwa na uzi mwingine siku ya kumzika mkewe.

Alimwekea Kiplangat ausikilize, macho yamefungwa. Kiplangat alifunga macho kwa hasira. Alipoyafumbua alienda dirishani. Kule nje watoto walikuwa wakigombania tairi.

"Kogo wangu alipokufa," akasema bila kugeuka, akimaanisha nyanya yake, "binamu mmoja alipiga picha akiwa amelala hivyo, akaweka mtandaoni. Baba alimfuata mpaka Kapsokwony na rungu."

"Alimpata?"

"Alimpata." Akageuka. "Mimi nimekasirika, Wakhungu. Usifikirie sijakasirika. Lakini toa."

Wakatoa.

Wakhungu akaandika barua mbili. Kwa maktaba ya muziki alieleza kila kitu: Nasimiyu, Barasa, mgomba, mgeni, kiti cha mbele. Jibu lilikuja la adabu na la baridi. Muuzaji, walisema, alikwisha kuapa kwamba wote wanaosikika walikubali. Muziki ungebaki unauzwa mpaka aletwe mtu mwenye uthibitisho kwamba si hivyo. Kwa tovuti ya gemu alisema *Kengele* haikuwa tena na muziki, bali chinyimba, miguu na pumzi ya kijana anayekimbia. Hao walijibu haraka zaidi. Gemu isiyo na muziki haiwezi kukaa ukurasa wa mbele. Nafasi ile imepewa gemu nyingine. Wanawatakia heri.

Kiplangat alisoma jibu hilo akiwa amesimama, akavaa koti, akaenda kwao mlimani bila kuaga. Alirudi baada ya siku kadhaa na gunia la viazi na mchoro wa nzi, kundi zima la nzi, wanaomzunguka kijana shingoni. "Yule mama alisema ukweli," alisema. "Nyama bila nzi ni uongo." Hawakuzungumza tena juu ya ukurasa wa mbele, ingawa kila mmoja aliufungua kwa siri, akaitazama ile gemu nyingine iliyokaa mahali pao, akaufunga.

*

Msimu wa tohara ulikuwa unakwisha Wakhungu aliporudi Bungoma. Barabara nyuma ya soko ilikuwa kimya. Nabwile alikuwa kwenye varanda ileile, safari hii akishona mashati meupe, na hakuonyesha mshangao.

"Umekuja na suruali nzima leo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama: kwamba wameutoa muziki, kwamba wamepoteza nafasi, kwamba maktaba bado inauuza na inataka uthibitisho. Hakupamba. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa flashi ndogo nyekundu, akaiweka juu ya meza ya cherehani, pale pale simu ya vitufe ilipokuwa imekaa siku ile.

"Nimekuletea," akasema. "Yote, mpaka mwisho."

Nabwile aliitazama flashi lakini hakuichukua.

"Wamekubali?"

"Hapana. Nimevunja leseni. Kama kuna kosa, ni langu, na ninalikubali."

Alitarajia shukrani, tuseme ukweli, alikuwa amezitarajia tangu Kitale. Alikuwa ameutoa mhanga ule ambao kwake ulikuwa mkubwa kuliko ukurasa wa mbele: usafi wa jina lake. Lakini Nabwile aliisukuma flashi kwa ncha ya mkasi, taratibu, mpaka ikafika ukingo wa upande wake.

"Rudisha mfukoni."

"Mama, ni sauti ya baba yako!"

"Najua ni ya nani. Mgeni aliibeba akapita nayo kwa siri. Sasa wewe unairudisha kwa siri. Yule alitoka naye dirishani, wewe unamrudisha dirishani. Baba yangu hakuwahi kuingia nyumba hii kwa dirisha, Wakhungu. Hata siku aliyolewa pombe, aligonga mlango, akangoja, mama akamfungulia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Wakhungu akaichukua flashi, na kiburi chake chote, kile cha haki na kile cha kuitoa haki, kikamshuka mwilini kama maji. Ndipo akakaa.

"Kusikiliza pamoja nawe," Nabwile akauliza, "kumekatazwa?"

"Hapana. Naweza kuisikiliza, na hakuna mstari unaosema nikisikiliza niwe peke yangu."

"Basi sikiliza. Mimi nitakuwa nimekaa tu hapa."

Akaingia ndani. Alirudi amebeba litungu la baba yake mikononi kama mtoto aliyelala, akaliweka mapajani, nyuzi zake zimelegea. Wakhungu akaongeza sauti. Uzi mzito ukabisha hodi. Nabwile hakufunga macho. Kila uzi ulipolia kwenye simu, aliugusa ule wa mapajani mwake, bila kuupiga, akiuonyesha tu kwa kidole: huu, sasa huu. Kilipofika kikwaruzo, kidole chake kilikuwa tayari juu ya waya wa breki. Na kilio kilipopanda, kilio chake mwenyewe, cha mwanamke mwenye umri mdogo kuliko yeye, alibana midomo mpaka kikavunjika na kunyamaza. Hakulia. Alikuwa amekwisha kunyolewa.

Wakhungu alikuwa akiutazama waya ule.

"Mama," akasema. "Huo uzi wa tano. Kikwaruzo chake ndicho uthibitisho wanaoutaka."

"Aliutoa kwa baiskeli yake. Asubuhi ya mazishi. Wa zamani ulikatika, na hakukuwa na wakati."

"Nani mwingine alimwona akiutoa?"

"Nani hakumwona? Kaka zangu. Jirani, mzee Wanyonyi, ndiye aliyemshikia gurudumu. Mwalimu wa kwaya. Wote wako hai, ila wawili."

"Watasema?"

"Wakiulizwa. Hakuna aliyewahi kuwauliza kitu."

Alilisimamisha litungu, akaliegemeza kwenye fremu ya mlango, nusu ndani nusu nje. Jua la mchana lilipita kwenye nyuzi likaanguka juu ya mashati meupe.

"Wale watu wako wa leseni," Nabwile akasema, "wanaweza kukataa."

"Wanaweza."

"Wanaweza kukataa mpaka mimi nizikwe pia."

Wakhungu akainuka. Hakuwa na cheti mkononi, wala kitu cha kuweka mezani. Alitazama pale mgomba uliposimama, akamtazama mama aliyekuwa mbele yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, ili hata wapita njia wasikie:

"Mama Nabwile, kesho nitarudi na Kiplangat. Tutawauliza wote, mmoja mmoja, nao watasema. Nitawaandikia wale watu mpaka wachoke kuliona jina langu, na wakinikataa nitakuja hapa mwenyewe kukuambia wamenikataa, kisha nitawaandikia tena. Kilio chako hakitauzwa nikiwa hai na nikiwa nimenyamaza. Na siku nitakapokuletea sauti ya baba yako, itakuwa mchana, na majirani watakuwa wanaona, na nitagonga mlango huu na kungoja mpaka unifungulie."